Risasi ya Dubu Mweusi: Fundo Linaanzia Kwenye Neno

Neno letu risasi lina kazi tatu. Ni madini, yale mazito ya kijivu ambayo mvuvi huyafunga kwenye nyavu ili zizame. Ni kile kipande kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki na kumpata mnyama. Tena ni kitu kizima kinachouzwa ndani ya boksi: ganda la shaba, baruti ndani yake, fataki ya kuwasha baruti kwenye kitako chake, na kile kipande cha kuruka kimebanwa mdomoni. Katika mazungumzo ya kawaida hatusumbuki, maana msikilizaji huelewa tunataja ipi. Lakini mtu anapouliza "risasi gani inafaa kwa dubu mweusi?" maana hizo hugongana, na watu humjibu juu ya ganda wakati dubu hajawahi kuguswa na ganda.

Swali lenyewe si la mbali kama linavyosikika. Kiswahili leo kinasikika Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na Maine ni miongoni mwa majimbo yenye dubu weusi wengi na msimu rasmi wa kuwawinda. Aliyehamia huko, akamaliza mafunzo ya usalama wa uwindaji na kukata leseni, huingia duka la bunduki akakuta ukuta mzima wa maboksi yenye namba: .243, .270, .30-30, .30-06, .308, .45-70. Kila muuzaji na kila jirani ana yake anayoiapia. Namwandikia huyo, na yeyote anayetaka kujua namba hizo zinasema nini na zimenyamazia nini.

Ili tusipotezane, kitu kizima nitakiita risasi. Kipande kinachoruka nitakiita kichwa cha risasi, au kichwa tu. Ganda litabaki ganda. Na rai yangu naitanguliza: kwa dubu mweusi, jinsi kichwa kilivyoundwa ina uzito kuliko jina lililochongwa kwenye kitako cha ganda, na umbali utakaopigia una uzito kuliko sifa za mwenye duka.

Mnyama mwenyewe

Dubu mweusi, Ursus americanus, ndiye mdogo kuliko dubu wote wa Amerika Kaskazini. Jike mzima mara nyingi ana kilo kati ya 45 na 90. Dume huanzia kilo 70 hivi na wengi hawapiti 180, ingawa wamewahi kupatikana madume wa zaidi ya kilo 250. Nyati dume wa kwetu ana kilo 600 na zaidi. Nalinganisha hivi kwa sababu mtu aliyekulia Afrika Mashariki amesikia tangu utotoni kwamba mnyama mkali huwindwa kwa .375, risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ambayo nchi kadhaa za Afrika zimeifanya kiwango cha chini kwa tembo na nyati. Akisikia "dubu", mawazo yake hukimbilia huko. Dubu mweusi haihitaji. Mifupa yake si mizito kama ya nyati, wala ngozi yake haina unene ule.

Ugumu wake uko kwingine: kwenye manyoya na mafuta.

Msimu wa uwindaji katika sehemu nyingi huangukia mwisho wa kiangazi na majira ya vuli, wakati dubu anakula usiku na mchana ili apate akiba ya kulala miezi yote ya baridi. Chini ya ngozi anakuwa na tabaka nene la mafuta, na juu yake manyoya marefu yaliyosongamana. Kichwa cha risasi kikiingia, mafuta husogea na kuziba tundu. Damu inayofanikiwa kutoka hunywewa na manyoya kama maji kwenye sifongo. Kulungu aliyepigwa vizuri huacha njia ya damu ambayo hata mtoto angeifuata. Dubu aliyepigwa palepale anaweza kukimbia mita 80 bila kudondosha tone unaloliona. Hana kwato za kuchimba ardhi, nyayo zake ni laini na pana, na akijeruhiwa hukimbilia kichaka kinene kuliko vyote. Juu ya hayo, dubu wengi hujitokeza jioni, dakika za mwisho kabla ya giza.

Shika picha hiyo, maana ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Mwindaji wa dubu anataka matundu mawili: la kuingilia na la kutokea. La kutokea huwa pana zaidi, na kama mwindaji yuko juu, linakuwa chini ya kifua, mahali ambapo damu inatoka kwa uzito wake yenyewe. Risasi inayoua lakini ikabaki ndani ya mwili si kosa la kisheria, lakini inaweza kumfanya mnyama mzima aozee msituni bila kuonekana. Kwangu hilo ni jambo zito.

Manyoya yana hila nyingine. Yananing'inia chini ya kifua kiasi kwamba mstari unaouona kama tumbo si tumbo. Mwili wenyewe unaanzia juu zaidi. Anayelenga chini kama alivyozoea kwa kulungu hupitisha risasi kwenye nywele, au hukwaruza kifua. Moyo na mapafu viko nyuma ya mguu wa mbele, na sehemu ya mbele ya mapafu imefunikwa na bega. Wazoefu husubiri dubu akae ubavu, mguu wa mbele wa upande wao ukiwa umepiga hatua mbele, ndipo hulenga nyuma kidogo ya bega, karibu na katikati ya kimo cha kifua. Eneo hilo lina upana wa sahani ya chakula. Kichwa cha dubu huachwa: fuvu limeinama, ubongo ni mdogo na umekaa nyuma sana.

Kinachoruka

Kichwa cha kawaida cha kuwindia kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti jembamba la shaba nyekundu, na ncha imeachwa wazi au imewekewa kichongo cha plastiki. Kikigonga nyama na maji ya mwili, ncha husukumwa nyuma, koti hupasuka, na kichwa hufunguka kama uyoga hadi karibu mara mbili ya upana wake. Hapo ndipo kinapopasua njia pana. Ila kila kinachopata upana hupoteza kina: uyoga mpana husimama mapema. Watengenezaji wote wanahangaika na mvutano huo mmoja, kifunguke vya kutosha lakini kisimalize nguvu kabla ya kutokea upande wa pili.

Upande mmoja wa mvutano huo kuna kichwa kilichovikwa koti zima bila ncha wazi, kama vya jeshi. Hakifunguki. Kinapita kama sindano, kinaacha njia nyembamba ambayo mafuta ya dubu huifunga mara moja. Majimbo mengi yamekikataza kwa wanyama wakubwa, na yamefanya vema.

Hapa kisa cha Karamoja huletwa mara kwa mara. Mwindaji Mskoti W. D. M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7, na ni Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, iliyompa jina la utani alilojulikana nalo. Alitumia vichwa vya koti zima. Watu husema: kama sindano ilitosha kwa tembo, itashindwaje kwa dubu? Lakini Bell alikuwa akipiga ubongo, akiwa amechunguza mafuvu ya tembo mpaka akaujua ubongo ulipo kutoka kila upande. Alihitaji kitu cha kupenya mfupa na kufika sehemu moja. Anayempiga dubu mapafuni anahitaji njia pana. Kisa cha Bell kinathibitisha kwamba upenyaji na mahali pa kupiga hushinda ukubwa wa mtutu. Hakithibitishi kwamba kichwa chochote kinafaa popote.

Upande wa pili kuna kichwa chepesi chenye koti jembamba, kilichobuniwa kwa kulungu mwembamba wa kilo 60. Hiki hufunguka haraka mno. Na hapa pana jambo linalowapinda wengi: umbali mfupi ndio mgumu zaidi kwa kichwa cha risasi. Mtu hudhani mita 25 ni karibu, kwa hiyo chochote kitafaa. Lakini kwenye mita 25 kichwa bado kina karibu mwendo wake wote. Risasi ya kasi kama .300 Winchester Magnum hutoa kichwa cha greni 180 kwa mita zipatazo 900 kwa sekunde. (Greni ni kipimo cha zamani ambacho Wamarekani hawajakiacha, greni 180 ni karibu gramu 11.7.) Kichwa chembamba kikigonga mfupa wa bega kwa mwendo huo kinaweza kusambaratika vipande vipande, kikaacha jeraha pana la juu juu na kisifike kwenye mapafu. Kichwa hichohicho, kikipigwa kutoka mita 250, mwendo umeshapungua, kingefunguka vizuri. Kwa hiyo aliyenunua nguvu kubwa ili ajihakikishie, akaijaza vichwa vyepesi, amejinyima hasa alichokitafuta.

Tatizo hili lina historia. Mwaka 1946 John Nosler aliwinda katika British Columbia, Kanada, akamfyatulia kulungu mkubwa mno wa misitu ya kaskazini, yule mwenye pembe bapa kama makasia, ambaye mwili wake ulikuwa umegandamana matope yaliyokauka. Vichwa vyake vilivunjika bila kupenya. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, ikifika ukutani husimama, na nusu ya nyuma huendelea kusukuma ikiwa nzima. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 na kinauzwa hadi leo. Baadaye vikaja vichwa ambavyo kiini na koti vimeunganishwa kama kwa gundi ili visiachane, na vile vya shaba tupu visivyo na madini ya risasi kabisa, ambavyo hufunguka kwa kutandaza ncha kama petali za ua na kubaki na karibu uzito wote.

Hivi vya shaba vina sababu nyingine ya kuwepo. Kichwa cha madini ya risasi kikivunjika huacha chembe ndogo ndani ya nyama na kwenye matumbo yanayoachwa porini, na ndege wanaokula mizoga hupata sumu. Kwa ajili hiyo, na hasa kwa ajili ya tumbusi mkubwa aitwaye kondori, California imekataza madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Nawashauri hata walio nje ya California wavifikirie. Dubu huliwa, na watoto hula nyama hiyo.

Kwa hiyo ukishika boksi dukani, kabla ya kusoma namba kubwa, geuza utafute maelezo ya kichwa. Kama kimeandikwa kuwa ni cha kufunguka haraka kwa kulungu au, mbaya zaidi, kwa wanyama wadogo waharibifu, kirudishe. Tafuta kilichounganishwa, chenye ukuta, au cha shaba tupu. Na kwa risasi za mwendo wa chini, kile cha kawaida chenye ncha laini kinatosha, kwa sababu hakipati mwendo wa kukivunja. Hilo la mwisho ndilo linaloeleza kwa nini .30-30 ya mwaka 1895 haijafa.

Dungu, mti au mteremko

Waliolima wanajua dungu: jukwaa la miti ambalo mtu hulikalia kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mwindaji wa Maine hukaa kwenye dungu vilevile, juu ya mti, akitazama mahali alipoweka chambo. Chambo kinaruhusiwa Maine kwa wiki nne kuanzia Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na sehemu kubwa ya dubu wanaopatikana jimboni humo hupatikana hivyo. Wananchi waliitwa kupiga kura ya kukikomesha mwaka 2004 na tena mwaka 2014. Mara zote mbili hoja ilishindwa. Anayekipinga ana hoja zake, na mimi naziheshimu. Lakini kwa suala letu kina faida moja ya wazi: umbali ni mita 20 hadi 60, dubu ametulia, na mwindaji ana muda wa kutazama kama ni jike mwenye watoto, ambaye sheria za mahali pengi humlinda, na muda wa kungoja akae ubavu.

Kwenye umbali huo, mjadala mrefu wa risasi zinazoruka mbali hauna kazi. Risasi yoyote yenye kichwa kizito na imara itafanya, na bunduki fupi, nyepesi kugeuza kati ya matawi, ina thamani kuliko mwendo wa ziada.

Wanaotumia mbwa hupiga karibu zaidi, dubu akiwa mtini, tena kutoka chini kwenda juu. Hapo hata risasi ndogo zimekuwa zikitumika, ingawa dubu aliyejeruhiwa akishuka katikati ya mbwa ni hatari kwa kila aliyepo.

Magharibi mambo hubadilika. Jimbo la Washington lilipiga kura mwaka 1996 kukataza chambo na mbwa, na Colorado ilikuwa imefanya hivyo mwaka 1992. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za British Columbia na Alaska, mwindaji hukaa na darubini akitazama mteremko ng'ambo ya bonde mpaka amwone dubu anakula matunda ya mwitu, kisha anamnyatia. Risasi inaweza kupigwa kutoka mita 100, 150, au 250. Hapa mshuko wa kichwa unaanza kuhesabika. Bunduki ya .30-30 iliyorekebishwa ilenge sawasawa kwenye mita 100 itapiga zaidi ya sentimita 20 chini ikifika mita 200, na hiyo inatosha kukosa kifua. .308 itashuka karibu nusu ya hapo.

Huko magharibi pia, mlimani mmoja wanaweza kuishi dubu mweusi na dubu mkubwa wa kahawia. Rangi haitofautishi: dubu mweusi huweza kuwa wa kahawia kabisa, na kwenye pwani ya British Columbia wapo hata weupe, ambao hawaruhusiwi kuwindwa. Tazama nundu ya mabegani. Dubu wa kahawia anayo, mweusi hana. Wengine hubeba risasi kubwa kama .338 Winchester Magnum kwa hofu ya huyo jirani. Siwacheki. Ila chupa ya pilipili ya kupulizia, ikining'inia kiunoni, ni kinga ambayo haikulazimishi kubadilisha bunduki.

Namba na majina

Majina ya risasi za Kimarekani hayakufuata kanuni moja, na anayetafuta mantiki moja ataumwa kichwa. Katika .45-70, ya mwaka 1873, namba ya kwanza ni upana wa mtutu kwa sehemu za inchi, ya pili ni greni 70 za baruti nyeusi. Katika .30-30 namba ya pili nayo ilitokana na greni za baruti, safari hii isiyo na moshi. Lakini katika .30-06 ile "06" ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. .270, ya mwaka 1925, ina kichwa cha inchi 0.277. Na .303 ya Waingereza, ile ambayo wazee wetu waliokuwa King's African Rifles waliibeba begani, ina kichwa cha inchi 0.311 hivi.

Jambo linalofungua macho ni hili: .30-30, .308, .30-06 na .300 Winchester Magnum, zote nne, zina kichwa cha upana uleule, inchi 0.308, karibu milimita 7.8. Kinachotofautiana ni ukubwa wa ganda, yaani kiasi cha baruti, yaani mwendo. Kwa hiyo mabishano ya .308 na .30-06 ni mabishano ya mita chache kwa sekunde, na dubu hawezi kuzitambua.

Kuna namba nyingine inayochapwa kwenye maboksi na kuabudiwa kupita kiasi: nguvu ya kichwa, kwa futi-pauni au jouli. Inapatikana kwa nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Kwa kuwa mwendo unahesabiwa mara mbili, vichwa vyepesi vya kasi hupendelewa na hesabu. Chukua .243 yenye kichwa cha greni 100: jouli 2,600 hivi inapotoka mtutuni. Chukua .45-70 ya kawaida ya zamani, kichwa cha greni 405 kinachotembea polepole: jouli 2,150 hivi. Kwa karatasi .243 imeshinda. Lakini ukizidisha uzito kwa mwendo mara moja tu, ile shindo ya kusukuma, .45-70 ina karibu mara mbili, na kichwa chake ni kipana tangu kabla hakijafunguka. Kwenye mita 40, bega la dubu likiwa mbele, nachagua ile iliyoshindwa kwenye karatasi. Namba ya nguvu inasema una kiasi gani cha kutumia. Haisemi kitatumika wapi ndani ya mwili.

Sasa nijibu swali bila kukwepa. Kwa anayeanza, anayetaka bunduki moja itakayotumika dunguni na mlimani, ningempa .308 Winchester, ya mwaka 1952, yenye kichwa imara cha greni 165 au 180. Ipo karibu kila duka, bunduki zake ni fupi kidogo kuliko za .30-06, na inamfikia dubu kwenye umbali wowote ambao mtu mwenye busara angepiga. Mwenye .30-06 ya baba mkwe asiiuze. Ni sawa na hiyo, na ziada kidogo. Asiyependa bunduki inayopiga teke kubwa begani achukue 7mm-08, ambayo ni ganda la .308 lililobanwa mdomo ili lishike kichwa cha milimita 7. Kwa anayejua kwamba atakaa dunguni tu, .30-30 yenye kichwa cha greni 170, ndani ya mita 100 au 120, ni risasi kamili, na .35 Remington na .45-70 ni ndugu zake.

Angalizo moja: bunduki za risasi hizi tatu mara nyingi ni za wenzo, zinazokokiwa kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini ya kifyatulio. Nyingi zina magazini ya bomba, yaani hifadhi ya risasi iliyo chini ya mtutu, risasi zimepangana ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele. Vichwa vyenye ncha kali ni hatari humo. Tumia vyenye ncha bapa, au vile vyenye ncha laini ya mpira vilivyotengenezwa maalumu kwa ajili yake.

.270 yenye kichwa cha greni 150 inafaa. 6.5 Creedmoor inafaa pia ikiwa na kichwa kirefu kilichounganishwa. .243 ni mpaka. Mpigaji mtulivu anayejua kukataa nafasi mbaya amewahi kuangusha nayo dubu wengi, lakini haina akiba ya makosa, na tundu lake la kutokea ni dogo au halipo. Mara nyingi hupewa mtoto au mgeni kwa sababu haipigi teke, na hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kukosea kidogo. Naona ni kinyume.

Watu watamtaja Bella Twin, bibi wa jamii ya Wakrii wa Alberta, Kanada, ambaye mwaka 1953 alimuua dubu mkubwa wa kahawia, wa kuvunja rekodi wakati huo, kwa bunduki ndogo ya .22 ya risasi moja moja. Ni kweli. Lakini mnyama alikuwa hatua chache kutoka kwake, alimpiga pembeni mwa fuvu, kisha akaongeza risasi kadhaa kuhakikisha. Alikuwa mtegaji aliyejua mwili wa mnyama, na bunduki hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mkononi. Ushujaa wake siuoni mdogo; ila haukuwa ushauri wa ununuzi.

Bega la mpigaji

Kila kinachosukumwa mbele hukurudia begani. Bunduki ya .30-30 humrudia mpigaji kwa karibu nusu ya nguvu ya .30-06, na .300 Winchester Magnum huipita .30-06 kwa karibu robo. Mwili hujifunza haraka. Baada ya risasi kumi za teke kali, jicho huanza kufumba kabla ya mlipuko na kidole huvuta kwa pupa badala ya kukaza taratibu. Mwenyewe hajui, mwenzake anayemtazama anaona. Dawa yake ni kushuka hadi risasi yenye teke dogo zaidi, wala si kujikaza. Sentimita kumi na tano za kosa zinatupa nje ya ile sahani ya mapafu, na hakuna kiasi cha baruti kinachozirudisha.

Sheria nayo ina la kusema. Colorado, kwa mfano, inataka mtutu wa raifali usiopungua inchi 0.24 na, kwa dubu, kichwa kisichopungua greni 70, chenye nguvu ya angalau futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Hicho ni kizingiti cha chini; .243 inakivuka kwa urahisi. Kila jimbo na kila mkoa wa Kanada una kijitabu chake cha mwaka, na hicho ndicho cha kusoma kabla ya kulipia chochote.

Ukishachagua, nunua maboksi mawili au matatu ya risasi ileile, kichwa kilekile, kutoka toleo moja la kiwandani, kwa maana hata kubadilisha aina ya kichwa tu huhamisha mahali risasi inapopiga. Rekebisha darubini ya bunduki kwenye meza ya uwanja wa shabaha. Kisha achana na meza. Kaa kama utakavyokaa dunguni, koti limevaliwa, jua linazama, karatasi ya upana wa sahani ikiwa mita 40 mbele yako. Piga moja, mtutu ukiwa baridi. Ondoka, rudi kesho yake jioni, piga nyingine moja. Fanya hivyo jioni kumi na uandike kila ilipopiga. Matundu hayo kumi, yakiwa yote ndani ya sahani, ndiyo yatakayokuambia kama bunduki uliyonunua ni ya kwako.